Nimekosa jedwali lote: tabianchi ya bahari, ya Mediterania na ya bara, mnazitofautishaje?

mwanafunzi_wa_usiku

Wakuu, habari za saa hizi. Kuna jambo limenikaa kooni tangu jana, naomba mnisaidie.

Nasoma jiografia usiku, baada ya kazi. Jana tulipewa vituo vitatu vya hali ya hewa bila majina, tukaambiwa tuseme kipi ni cha tabianchi ya bahari, kipi cha Mediterania na kipi cha bara. Takwimu ni wastani wa miaka mingi, nyuzi ni za Selsiasi, mvua ni milimita:

Kituo A: Januari nyuzi 10, Julai nyuzi 20. Mvua ya mwaka mzima kama 1,200. Julai peke yake 20 hivi.

Kituo B: Januari nyuzi 6, Julai nyuzi 19. Mvua ya mwaka 600 na ushee. Mwezi wenye mvua haba kuliko yote bado unapata kama 40.

Kituo C: Januari nyuzi 12 chini ya sifuri, Agosti nyuzi 20. Mvua ya mwaka inapita 800, sehemu kubwa inanyesha kiangazi, Januari haifiki 20. Maelezo ya ziada: mji wa bandari.

Nikaona hii nyepesi. A ina mvua nyingi, basi ni bahari. B ina mvua kidogo, basi Mediterania. C nikang'ang'ania nayo ni ya bahari, maana meli zinatia nanga palepale mjini! Karatasi imerudi na neno moja la kalamu nyekundu: "Rudia". Majibu yenyewe ni Porto, London na Vladivostok, na mpangilio sahihi ni Mediterania, bahari, bara.

Sasa hapo ndipo kichwa kilipogoma. London inayosemwa na kila mtu kwa mvua inapata nusu ya mvua ya Porto. Porto yenyewe iko kwenye Atlantiki, haigusi hata tone la Bahari ya Mediterania. Na Vladivostok iliyo ufukweni inakuwaje ya bara?

Naomba nisirudishiwe fasili ya kitabuni. Hiyo ninayo kichwani, ndiyo iliyoniangusha.

kivuli_cha_mchana

Mimi maisha yote najua Mediterania ni bahari, basi. Nakaa hapa pembeni kusubiri wajuzi.

ndoo_ya_turubai

Mwanangu, pole kwa kalamu nyekundu. Kosa lako la C nililifanya mimi nikiwa mtu mzima, tena afisa. Nilishuka Vladivostok mwezi wa Januari na koti la mvua. Nilijiambia: bandari ni bandari, baridi ya pwani itakuwa ya kiasi. Ghuba yao, wanaiita Pembe ya Dhahabu, ilikuwa imeganda, na meli ya kuvunja barafu ilitutangulia kama mtu anayepasua njia kwenye majani. Ndevu zangu ziliganda kabla sijafika mwisho wa ngazi.

Nimekuwa afisa wa pili kwenye meli za mizigo miaka 23. Jina langu la humu linatokana na kazi moja ambayo vijana wa siku hizi hawaijui. Meli zinazojitolea kutuma taarifa za hali ya hewa hupima kila baada ya saa sita: kanieneo, upepo, mawingu, na joto la maji ya bahari. Zamani maji tuliyapima kwa ndoo ya turubai. Unaitupa ubavuni mwa meli, unaivuta upesi, unatumbukiza kipimajoto kabla upepo haujayapoza maji. Usiku wa Februari kaskazini mwa Atlantiki ni kazi ya kumlaani aliyeibuni.

Lakini ndoo ile ndiyo iliyonifundisha unachouliza. Magharibi ya Ireland, Februari, maji yalinipa nyuzi 10. Tukapita tena eneo lilelile Agosti, yakanipa 16. Nikarudia nikidhani nimekosea. Sita tu! Tangu usiku mrefu wa Februari hadi mchana mrefu wa Agosti, bahari ile imesogea nyuzi sita.

Sababu si muujiza. Kilo ya maji inadai joto mara tano hivi ya kilo ya mchanga mkavu ili kupanda nyuzi moja. Halafu jua linapenya majini mita kadhaa, mawimbi yanakoroga, na joto linasambazwa chini mpaka makumi ya mita. Ardhini jua linaunguza ngozi ya juu tu. Mita mbili na nusu za juu za bahari zinabeba joto sawa na hewa yote iliyo juu yake hadi mwisho wa anga. Kwa hiyo bahari ni tajiri asiye na haraka: kiangazi anaweka, kipupwe anatoa polepole. Ardhi inapokea asubuhi na jioni imeshatumia yote.

Sasa sikiliza, hapa ndipo ulipoteleza. Kukaa karibu na tajiri hakukupi kitu kama mlango wake hautazami kwako. Katika latitudo zile, tuseme kuanzia 40 hadi 60, upepo mkuu hutoka magharibi kwenda mashariki. London inapokea hewa iliyotoka kutembea juu ya Atlantiki. Vladivostok iko upande wa mashariki wa bara kubwa kuliko yote duniani. Kipupwe, Siberia inapoa, hewa yake inakuwa nzito, inakaa pale kama mlima wa kanieneo kubwa na kumwagika kuelekea pwani. Upepo unaoipiga Vladivostok Januari unatoka nchi kavu na unaenda baharini. Bahari iko mlangoni kweli, lakini mgeni anaingia kwa mlango wa nyuma. Kiangazi unageuka, unatoka baharini, ndiyo maana mvua yao inajaa Julai, Agosti na Septemba. Ni kaskazi na kusi ya huko, ila kaskazi yake ina barafu.

Fungua ramani uone: Vladivostok na Marseille ziko karibu latitudo moja, 43 kaskazini. Zote bandari. Januari ya Marseille ni nyuzi 7 juu ya sifuri. Jua ni lilelile, pembe ni ileile. Tofauti ya nyuzi 19 imeletwa na upepo.

Ukitaka mfano mkali zaidi, chukua latitudo 62. Tórshavn katika Visiwa vya Faroe na Yakutsk huko Siberia zinalingana karibu kabisa. Tórshavn: Januari nyuzi 4, Agosti 11. Yakutsk: Januari kama 38 chini ya sifuri, Julai karibu 20 juu. Tofauti ya joto ya mwaka ni 7 kwa mmoja, 58 kwa mwingine. Na tazama kitu ambacho watu hawakisemi: kiangazi cha Yakutsk ni kitamu kuliko cha Tórshavn. Bara si baridi tu. Bara ni kupindukia pande zote mbili. Tórshavn nimetia nanga mara tatu na sijawahi kuvua sweta, hata Julai.

Hiyo ni B na C. A nitairudia, zamu ya kulala imefika.

mistari_ya_ramani

Nampa heshima zake Mzee Ndoo, ila niongeze namba, maana mtihani hausahihishwi kwa ndoo. Kazi yangu ni kuchora ramani za tabianchi kwenye kompyuta, na kompyuta haielewi "tajiri asiye na haraka".

Mipaka inayotumika sana ni ya Wladimir Köppen. Alizaliwa St. Petersburg mwaka 1846, utoto wake mwingi ukawa Crimea, na alisomea mimea. Aliona misitu na nyasi zikibadilika njiani kati ya kusini na kaskazini, akataka namba zinazoifuata mimea. Mfumo wake wa mwaka 1900 ndio mzizi wa ramani zote za rangi unazoziona leo. Nyuzi 10 zinazojirudia humo hazikutoka hewani: mahali ambapo hata mwezi wa joto kuliko yote haufiki 10, miti haisimami.

Sasa pitisha vituo vyako.

Swali la kwanza: mwezi wa baridi kuliko yote uko wapi? Ukishuka chini ya nyuzi 3 chini ya sifuri, uko bara. C imetoka hapo, imeisha, hata usisome mvua kwanza.

Swali la pili kwa waliobaki: kiangazi ni kikavu? Mwezi mkavu wa kiangazi uwe chini ya milimita 30, na pia usizidi theluthi ya mwezi wenye mvua nyingi wa kipupwe. A ina 20 Julai na miezi yake ya kipupwe inapita 100 kwa raha. Mediterania. Ile 1,200 ya mwaka haiulizwi popote! Ndiyo iliyokudanganya.

B haina mwezi mkavu, mwezi wake wa joto haufiki 22, na ina miezi isiyopungua minne inayofika 10. Bahari.

Roma nayo inapata mvua nyingi kuliko London kwa mwaka, kama 800 dhidi ya 600. London haina mvua nyingi, ina mvua ya mara kwa mara: siku zaidi ya 100 kwa mwaka zenye angalau milimita moja. Watu huhesabu siku walizolowa, hawahesabu milimita.

mwanafunzi_wa_usiku

Asanteni sana, mkuu Mistari na Mzee Ndoo. C nimeielewa mpaka nimeipenda. Ila kwenye mkuu Mistari nina swali: hizo nyuzi 3 chini ya sifuri, kitabu changu kinasema sifuri yenyewe. Nani mkweli?

mistari_ya_ramani

Wote, kwa bahati mbaya. Köppen alitumia 3 chini ya sifuri. Wengine, hasa Marekani, walipendelea sifuri, na ramani nyingi za sasa zinafuata hiyo. Vivyo hivyo zile milimita 30, wengine wanaandika 40.

Uone inavyouma: Warszawa, Januari yake iko kati ya nyuzi 1 na 2 chini ya sifuri. Kwa mstari mmoja ni tabianchi ya bahari, kwa mwingine ni ya bara. Mji haujasogea hata hatua. Vancouver hali kadhalika: Julai yake ina kama milimita 36. Ukitumia 30 ni ya bahari, ukitumia 40 inaangukia Mediterania. Nimewahi kutuma ramani yenye Vancouver rangi ya Mediterania nikarudishiwa na ujumbe wa kejeli wenye picha ya mwavuli.

Seattle ni hivyohivyo. Köppen anaiweka Mediterania kwa sababu Julai ni kavu kabisa. Glenn Trewartha, Mmarekani aliyeufanyia marekebisho mfumo huo mwaka 1966, aliona jambo hilo halikubaliki, akaanza kwa kuhesabu miezi yenye joto la kutosha, na kwake Seattle ikarudi kwenye bahari.

Na kituko kingine ili usije ukashangaa kwenye mtihani: Bogotá, juu milimani mita 2,600, karibu na ikweta, inapewa herufi zilezile za London, yaani jina fupi la tabianchi kwenye mfumo wa Köppen. Haina kipupwe, haina kiangazi, bahari iko mbali. Ila namba zake zinapita kwenye tundu lilelile la sindano: hakuna mwezi wa baridi kali, hakuna mwezi wa joto kali, hakuna ukame. Herufi hazijui kwa nini, zinajua kiasi tu.

ndoo_ya_turubai

Nimeamka. Mistari, mwanangu, hapo mwisho umesema mwenyewe ninachotaka kusema: herufi hazijui kwa nini. Warszawa si ya bahari wala ya bara, ni njiani. Na njia yenyewe inaonekana vizuri Ulaya kuliko kokote, kwa sababu milima yao mikubwa, Alpi, imelala magharibi kwenda mashariki. Haizuii upepo. Kwa hiyo hewa ya Atlantiki inaingia ndani na kuchoka kidogokidogo.

Andika Januari za miji minne ukifuata tambarare: London 6, Berlin 1, Warszawa chini kidogo ya sifuri, Moscow 6 chini ya sifuri. Sasa andika Julai zake: zote ni 19 au 20! Tangu Mto Thames hadi Mto Moskva, kiangazi karibu ni kilekile. Kinachokufa njiani ni upole wa kipupwe. Mtu akikuuliza bahari inaishia wapi Ulaya, mwambie inafifia, haina ukingo.

Upande wa pili wa dunia ni tofauti. Amerika yote milima imesimama kaskazini hadi kusini kama ukuta wa bahari. Seattle inapata karibu milimita 1,000 kwa mwaka. Vuka milima ya Cascade mpaka Yakima, safari ya saa mbili na kitu kwa gari, mvua ni 200 hivi. Kule tabianchi ya bahari ni utepe mwembamba ufukweni, kama ilivyo kusini mwa Chile. Norwei nayo ina ukuta wake. Bergen inapata zaidi ya milimita 2,200 kwa mwaka, na kati ya Oktoba 2006 na Januari 2007 mvua ilinyesha siku 85 mfululizo. Nilikuwa na rafiki fundi mitambo aliyekuwa akisema Bergen mtu hanunui mwavuli, anauoa.

Haya, A. Porto.

mwanafunzi_wa_usiku

Mzee, kabla hujaanza A, niweke swali lenyewe. Porto upepo wake unatoka baharini, sivyo? Bahari iko magharibi, pepo zinatoka magharibi. Kwa hesabu yako ya mlango wa tajiri, inapaswa ipate mvua mwaka mzima kama London. Kwa nini Julai inakauka na maji yapo mbele yake?

ndoo_ya_turubai

Swali zuri, na ndilo linaloitenga Mediterania na wenzake. Jibu: maji si mvua. Mvua ni hewa yenye unyevu inayopanda. Ikikosa kupanda, unaweza kukaa katikati ya bahari miezi usione tone. Muulize baharia yeyote aliyepita karibu na visiwa vya Azores mwezi wa Julai: bahari shwari, anga jeupe, na baromita imekaa juu haishuki.

Kule ikweta hewa inapanda, inamwaga mvua yake, inasafiri juu kuelekea kaskazini na kusini, kisha inashuka karibu na latitudo 30. Hewa inayoshuka inabanwa, na ikibanwa inapata joto. Umewahi kushika pampu ya baiskeli ukijaza upepo? Chini inachemka. Hewa inayoshuka inaongeza karibu nyuzi 1 kila mita 100. Hewa ikipata joto mawingu yanayeyuka. Ndiyo maana majangwa makubwa yamejipanga karibu na latitudo hizo.

Sasa, mshipi huo wa hewa inayoshuka hautulii. Unafuata jua. Kiangazi cha kaskazini unapanda mpaka latitudo 35, 40, na kuiweka Ureno, Uhispania, Italia na Ugiriki chini ya mfuniko. Dhoruba za magharibi zinasukumwa juu, zinaenda Scotland na Norwei. Kipupwe mfuniko unarudi kusini, mlango unafunguka, na dhoruba zilezile za London zinashuka hadi Lisbon. Kwa hiyo Porto ina mabwana wawili: nusu mwaka inatawaliwa na jangwa, nusu mwaka na Atlantiki. Desemba Porto na London ni ndugu, isipokuwa Porto ina vuguvugu zaidi na mvua nzito. Julai ni wageni kabisa.

Jina ndilo linalowapoteza watu. Bahari ya Mediterania ilipewa heshima hiyo kwa kuwa ndiko tabianchi hiyo inapoingia ndani sana ya nchi kavu, kwa vile bahari yenyewe imelala mashariki na magharibi. Lakini zipo sehemu tano duniani: huko, California, Chile ya kati, Rasi ya kusini magharibi mwa Afrika Kusini, na Australia upande wa Perth na Adelaide. Karibu zote ziko upande wa magharibi wa bara lake, zote kati ya latitudo 30 na 45 hivi. Hakuna hata moja upande wa mashariki.

Na mimea inakariri somo hili kuliko sisi. Kwingine mti unapumzika kipupwe. Mzeituni una kazi ngumu zaidi: joto na jua linapokuwa tele maji hakuna, maji yanapokuwa tele jua limepungua. Ndiyo maana majani yake ni madogo, magumu, yana rangi ya fedha chini. Mwaloni unaotoa vizibo vya chupa umevaa gome nene kwa sababu ya moto wa kiangazi. Nyasi za Ireland, kwa upande wao, hazijui shida yoyote, Januari ni kijani, Julai ni kijani. Bara lina mantiki yake: kule mvua inakuja pamoja na joto, kwa sababu ardhi iliyochemka inasukuma hewa juu na radi za mchana zinafuata. Kipupwe hewa ni baridi mno kubeba unyevu. Kwa hiyo mkulima wa Moscow ana msimu mfupi lakini jua na maji vimekuja siku moja.

mistari_ya_ramani

Mzee, hapa sina cha kukosoa, na hilo linaniumiza. Nikuongezee tu mwanafunzi kipimo kimoja unachoweza kukitumia bila ramani. Victor Conrad mwaka 1946 alitoa fomula ya ubara: zidisha tofauti ya joto ya mwaka kwa 1.7, gawanya kwa saini (sine) ya jumla ya latitudo na 10, kisha toa 14. Aliipanga ili Tórshavn iwe karibu 0 na Verkhoyansk ya Siberia karibu 100. Nimeipitisha Vladivostok sasa hivi: inatoka kama 54. London 11. Moscow 34. Yaani bandari ina ubara kuliko Moscow!

Verkhoyansk, kama hujawahi kuisikia, imeshawahi kupimwa nyuzi 67.8 chini ya sifuri mwaka 1892 na nyuzi 38 juu ya sifuri Juni 2020. Nyuzi 105 na ushee, mji mmoja mdogo.

Ila kumbuka fomula hii inatazama joto tu. Haitakutenganishia bahari na Mediterania hata siku moja.

kivuli_cha_mchana

Bandari ina ubara kuliko Moscow. Hii naondoka nayo.

ndoo_ya_turubai

Mwanafunzi, kabla hujalala. Kituo D. Januari nyuzi 11. Mwezi wa joto kuliko yote ni Septemba, nyuzi 17 na nusu. Mvua ya mwaka kama 580. Julai hakuna kitu, sifuri tupu. Latitudo karibu 38 kaskazini. Niambie ni nini na kwa nini, usiniletee herufi.

mwanafunzi_wa_usiku

Nimekaa nayo nusu saa. Tofauti ya joto ni nyuzi 6 na nusu tu, hata Tórshavn inaizidi. Jana ningeandika bahari na kufunga daftari. Lakini Julai sifuri, na latitudo 38 iko chini ya mfuniko kiangazi. Mvua yote lazima ni ya kipupwe. Kwa hiyo mvua yake ni ya Mediterania na joto lake ni la bahari, na kwa vile swali la kiangazi kikavu ndilo linaloamua, nasema Mediterania. Upande wa magharibi wa bara. Nabahatisha San Francisco.

mistari_ya_ramani

Kalamu ya kijani.

ndoo_ya_turubai

Umepata, tena kwa njia ya haki. Ila umeruka Septemba. Moscow joto linafika kileleni Julai, mwezi mmoja baada ya jua refu. Visiwa vya Faroe Agosti. San Francisco Septemba. Kwa nini?

mwanafunzi_wa_usiku

Bahari inachelewa kupata joto?

ndoo_ya_turubai

Nusu ya jibu. Nusu nyingine: kiangazi upepo unapiga ukifuata pwani ya California, unayasukuma maji ya juu yaende mbali na ufuko, na ya kilindini yanapanda kuziba pengo. Huku ndani, bonde la California linachemka, hewa yake inapanda, na linavuta hewa ya baharini ipite mlango wa ghuba. Hewa hiyo imepita juu ya maji baridi, inaingia mjini ikiwa ukungu. Julai mji unatetemeka ndani ya ukungu na ukienda ndani kidogo watu wanaungua. Septemba bonde linaanza kupoa, mvuto unalegea, ukungu unapungua, na jua linaufikia mji likiwa limechelewa.

Mara ya kwanza kupima nje ya mlango ule ilikuwa Juni, adhuhuri, jua kali juu ya sitaha. Nilitegemea 18 au 19. Ndoo ikarudi na 12. Nikagonga kipimajoto, nikafuta kioo kwa leso, nikaitupa ndoo tena. Ikarudi na 12 ileile.